Nionyesheni Magnesiamu Iliyoingia

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu mlionifundisha na ambao bado mnanisahihisha, wanafunzi, mafundi mliofunga vibanda mapema mkapanda hadi huku, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa. Asanteni kwa kufika Mlimani saa hizi. Foleni ya Sam Nujoma jioni sote tunaijua.

Nimeombwa nizungumzie betri za magnesiamu zinazochajiwa. Nitazungumzia kipande kimoja tu cha betri hiyo, nacho ni kathodi, yaani upande wa chanya, ule unaopokea ioni, yaani atomu zenye chaji, wakati betri inatumika. Hapo ndipo kazi ilipokwama kwa zaidi ya miaka 20. Na neno ninalotaka mtoke nalo nalisema mapema, maana najua wengine mtanyanyuka kabla ya maswali kuwahi gari: mtu akikwambia kathodi yake ya magnesiamu inafanya kazi, usikimbilie kuangalia mchoro wa chaji. Mwambie akuonyeshe magnesiamu iliyoingia.

Kwanza, kwa nini watu wanahangaika nayo? Betri ya lithiamu kama ya simu yako iliingia sokoni mwaka 1991, ikiuzwa na Sony. Upande wake wa hasi una kinywe, madini yaleyale ya Mahenge na Ruangwa, na gramu moja ya kinywe inabeba chaji ya miliampia-saa (mAh) 372. Gramu moja ya metali ya magnesiamu inabeba mAh 2,205. Ukipima kwa ujazo mambo yananoga zaidi: sentimita moja ya ujazo ya magnesiamu ni mAh 3,833, wakati ya metali ya lithiamu yenyewe ni 2,062. Siri ni kwamba kila atomu ya magnesiamu inatoa elektroni mbili, na ya lithiamu inatoa moja.

Halafu kuna suala la upatikanaji. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 1.3 za magnesiamu. Lithiamu iliyomo haifiki hata robo ya miligramu. Wavunaji wa chumvi wa Kunduchi wakishakusanya chumvi yao, yale maji machungu yanayobaki kwenye mabwawa yamejaa magnesiamu. Huko Chambogo, wilayani Same, tuna miamba ya magnesaiti. Naona wengine mmeshaanza kupiga hesabu za kufungua kampuni. Subirini kidogo. Kuitoa metali kwenye chumvi yake kunakula umeme mwingi. Kampuni ya Dow ilikuwa na kiwanda Freeport, Texas, kikiitoa kwenye maji ya bahari tangu 1941, kikafungwa 1998, na leo sehemu kubwa kabisa ya magnesiamu ya dunia inatoka China. Kuwa na madini tele ni jambo moja, kuwa na metali safi kwa bei inayolipa ni jambo jingine.

Sifa ya mwisho, haraka haraka: metali ya lithiamu ikichajiwa huota miiba ambayo inaweza kutoboa kitenganishi, ile ngozi iliyo kati ya pande mbili za betri, na kuwasha moto. Magnesiamu hujipanga kwa utulivu zaidi. Ila siku hizi tunajua kwamba nayo huota miiba katika mazingira fulani, kwa hiyo anayewaambia haioti kabisa anawauzia kitu.

Sasa tuingie kwenye kathodi. Kathodi ni fuwele yenye vyumba na vichochoro, na kuta zake ni atomu za oksijeni au salfa zenye chaji hasi. Betri ikitumika, ioni inaingia, ikichajiwa, inatoka. Kwa umbo, ioni ya magnesiamu haina tabu: nusu kipenyo chake ni angstromu 0.72, ya lithiamu ni 0.76. Mlango unaopitisha moja unapitisha nyingine. Tatizo ni zile chaji mbili chanya kwenye kimwili kidogo namna ile. Fikiria mtaa wa Kongo pale Kariakoo, mkesha wa Idi. Lithiamu ni mteja aliyeshikwa mkono mmoja, anajinasua na kusonga mbele. Magnesiamu kashikwa mikono yote miwili, na kila hatua kuna mwingine anamwambia dada karibu, dada njoo uone, mpaka mtaa unafungwa hajafika alikokuwa anakwenda.

Na anayemshika kwa nguvu kuliko wote ni oksijeni. Salfa inashika kwa ulegevu, kwa sababu wingu lake la elektroni ni kubwa na laini. Hapo ndipo kitendawili kizima kilipo. Kathodi ya oksaidi inakupa volti nzuri lakini haimwachii magnesiamu apite. Kathodi ya salfa inampitisha, lakini volti zake ni chache. Utafiti mwingi tunaousoma ni watu wanaotafuta mahali pa kusimama katikati ya hayo mawili.

Kuna la pili ambalo halionekani upesi. Ioni ikiingia na chaji mbili, fuwele nayo lazima ipokee elektroni mbili karibu na hapohapo. Atomu ya metali iliyomo ndani, tuseme manganisi, hupenda kubadilika hatua moja moja. Kuibebesha mbili kwa mkupuo kunayumbisha muundo wote.

Mwaka 2000 Doron Aurbach na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bar-Ilan, Israeli, walionyesha betri ya magnesiamu ambayo kweli inachajika na kurudia. Kathodi yao ilitoka kwenye familia ya misombo aliyoieleza Mfaransa Roger Chevrel na wenzake mwaka 1971. Humo atomu 6 za molibdeni zimeshikana katikati, zimezungukwa na mchemraba wa atomu 8 za salfa. Zile 6 zinagawana elektroni zinazoingia, kwa hiyo hakuna atomu inayolemewa peke yake. Betri ya Aurbach ilichajiwa na kutumika zaidi ya mara 2,000, na ilipoteza uwezo kidogo tu.

Ninachokipenda zaidi hapa ni upishi wake. Kitu hiki hakipikwi moja kwa moja. Ukichanganya molibdeni na salfa kwa hesabu ya 6 kwa 8 ukatia kwenye tanuru, utapata vitu vingine, hiki hukipati. Inabidi uanze na shaba. Unapika shaba, molibdeni na salfa pamoja, bila hewa, kwenye joto la kama nyuzi 1,000 za Selsiasi. Unatoka unga mweusi ambao shaba imekaa kwenye vichochoro vyake, ikishikilia kuta zisibomoke. Kisha unautia unga huo kwenye asidi ya haidrokloriki huku unapuliza oksijeni, halafu unakaa kuangalia. Asidi iliyokuwa haina rangi inaanza kuwa ya kijani. Hiyo ni shaba inatoka. Unamwaga, unaweka asidi mpya, inakuja kijani tena, ila imepauka. Unarudia mpaka rangi iishe. Ukishausuuza na kuukausha, unga kwa macho ni mweusi vilevile kama ulivyoanza. Lakini shaba imehama, na nafasi zake sasa zinasubiri magnesiamu.

Baada ya hapo unga unachanganywa na masizi safi ili upitishe umeme, na gundi kidogo, unapakwa kwenye karatasi nyembamba ya metali, unakaushwa, unakatwa vidude vya mviringo. Betri ya majaribio inayotoka ni ndogo, kama betri ya saa ya mkononi.

Sasa hesabu, maana mafundi wanataka hesabu. Gramu moja ya unga huu, ikijaa kabisa, inabeba mAh 128. Volti zake ni kama 1.1. Zidisha: wati-saa 140 hivi kwa kila kilo ya kathodi. Kathodi ya fosfeti ya chuma na lithiamu, ile iliyomo kwenye betri nyingi za bajaji na bodaboda za umeme, inabeba mAh 170 kwa volti 3.4, yaani wati-saa zinazokaribia 580. Ni mara nne. Tena kwenye joto la kawaida la chumba, sehemu ya magnesiamu iliyoingia mara ya kwanza inang'ang'ania ndani haitoki; watu wamelegeza hilo kwa kubadilisha baadhi ya salfa na seleni. Na molibdeni bei yake si ya kuchezea. Kwa hiyo kathodi ya Chevrel imebaki kuwa kipimo. Kila mtu akibuni elektroliti mpya, yaani kimiminika kinachopitisha ioni kati ya pande mbili za betri, anaijaribia hapo kwanza, kwa sababu ni mwenyeji asiyeleta ubishi. Kuiuza ni habari nyingine.

Mwaka 2016 kundi la Linda Nazar, Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, likishirikiana na wenzao wa Marekani, lilitoa kathodi ya salfa na titani yenye muundo wa spineli, aina moja ya mpangilio wa atomu ndani ya fuwele. Hiyo ilifika karibu mAh 190 kwa gramu, kwa volti kama 1.2. Hatua nzuri sana. Ila ilijaribiwa kwenye nyuzi 60 za joto, na hata Dar ya mwezi wa pili, umeme umekatika na feni imesimama, haifiki huko.

Upande wa oksaidi kuna ndoto tamu. Oksaidi ya magnesiamu na manganisi yenye muundo uleule wa spineli ingebeba mAh 270 kwa gramu, kwa volti zinazokaribia 3. Hesabu yake inazidi ya betri za bajaji. Lakini ioni zinatambaa humo kwa mwendo wa kuchosha, ndiyo maana wanaoifanyia kazi wanasaga unga mpaka uwe wa nanomita chache ili safari iwe fupi. Dioksaidi ya manganisi iliyo tupu ni hatari zaidi: magnesiamu ikiingia, badala ya kukaa chumbani inaichukua oksijeni ya ukuta na kutengeneza oksaidi ya magnesiamu. Kitu hicho huyeyuka kwenye nyuzi 2,852 na watu hukitumia kujengea kuta za matanuru. Ukishakipata ndani ya kathodi yako, usitarajie chaja ikirudishe ilikotoka.

Kisha kuna maji, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Katika miaka ya 1990, Petr Novák na wenzake nchini Uswisi walichunguza oksaidi za vanadi zenye maji ndani yake. Maji yakiwepo, magnesiamu inaingia kwa urahisi zaidi, kwa sababu molekuli za maji zinaizunguka na kupunguza ule mvuto wa chaji zake. Vizuri. Lakini maji hayohayo yakifika upande wa pili, kwenye metali ya magnesiamu, yanaifunika kwa ngozi ambayo ioni haipenyi. Lithiamu nayo hufanya ngozi, ila ngozi yake hupitisha ioni za lithiamu; ya magnesiamu huziba. Ukimfurahisha mmoja, umemkosesha mwingine.

Na maji yana hila nyingine. Yanatoa protoni, yaani ioni za haidrojeni, na protoni ni nyepesi, zinaingia kwenye oksaidi bila kubisha hodi. Chombo kinachochora mchoro wa chaji hakijui kilichoingia ni nini. Kinahesabu elektroni tu. Kwa hiyo unaweza kuona mAh 200 au 300, mchoro umenyooka, chati imependeza, na ndani ya kathodi magnesiamu ni kidogo mno. Hili si la kubuni. Limejadiliwa waziwazi katika fani yetu, na namba kadhaa kubwa za oksaidi zimelazimika kutazamwa upya.

Protoni si mdanganyifu peke yake. Elektroliti nyingi nzuri za magnesiamu zina kloridi, na kloridi inakula chuma cha pua na alumini volti zikipanda. Hapo unadhani unachaji betri, kumbe unaozesha kasha lake, na chombo kinaandika chaji kwa furaha. Kuna pia kathodi ambazo kinachoingia ni magnesiamu iliyoshikana na klorini, yenye chaji moja tu. Kundi la Yan Yao, Chuo Kikuu cha Houston, lililieleza hilo wazi mwaka 2017 kwa salfidi ya titani iliyopanuliwa nafasi za matabaka yake, na nawaheshimu kwa sababu walisema wenyewe kilichoingia ni nini. Kwa mtindo huo ioni inakwenda kasi, lakini klorini yote hiyo lazima itoke kwenye elektroliti, kwa hiyo betri inabidi ibebe kimiminika kingi, na uzito unakula faida. Na zipo betri za mchanganyiko ambazo upande wa hasi ni magnesiamu, lakini kinachoingia kwenye kathodi ni lithiamu. Zina matumizi yake, sizikatai. Nakataa tu kuziona zikihesabiwa kama ushindi wa kathodi ya magnesiamu.

Sasa, kuonyesha magnesiamu kunafanywaje? Kwa kanuni ya Faraday. Kila mAh moja iliyopita, ikiwa kweli imebebwa na magnesiamu, lazima iache miligramu 0.45 za magnesiamu ndani ya kathodi. Haiachi nusu, wala haiachi robo. Unatengeneza kathodi tatu zinazofanana. Moja unaiacha kama ilivyo, ya pili unaijaza, ya tatu unaijaza halafu unaitoa. Unafungua betri. Unasuuza kila kathodi kwa kiyeyushi kisicho na maji, na usifanye haraka, kwa sababu elektroliti iliyokauka juu yake ina magnesiamu yake na itakupa sifa ambazo si zako. Unaiyeyusha kwa asidi ya nitriki, unapima. Ya pili lazima iwe na ile 0.45 kwa kila mAh. Ya tatu lazima iwe imepungua. Ukiongeza eksirei ukaona mistari ya fuwele imesogea na kurudi, mimi nitanyamaza na kukupigia makofi.

Kwa nini nakazania hili nikiwa Dar es Salaam? Kwa sababu mashine ya kupima magnesiamu kwenye asidi ni ile ya kufyonza mwanga wa atomu, inayotumiwa na maabara za udongo na madini hapa nchini kila wiki. Tanuru za nyuzi 1,000 tunazo. Kigumu kwetu ni kisanduku cha glavu, kile kilichofungwa na kujazwa gesi ya argoni ili hewa ya nje isiingie, kwa sababu unyevu wa mji huu hauna simile. Unga ulioukausha usiku kucha, ukiuacha mezani ukanywe chai, umeshakunywa na wenyewe. Basi kijana wa shahada ya pili anayetaka kuingia kwenye fani hii hana haja ya kushindana na maabara tajiri kwa kubuni elektroliti. Apike kathodi vizuri, na apime kilichoingia kwa uaminifu kuliko mtu yeyote. Makala ya namna hiyo itasomwa, hata kama namba yake ni mAh 60.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza nje kuhusu salfa tupu, akisema wakulima wa korosho Mtwara wanayo magunia kwa magunia. Kweli, gramu moja ya salfa kwa nadharia ni mAh 1,672, na ikikutana na magnesiamu inatoa volti kama 1.77. Watafiti wa Toyota waliionyesha mwaka 2011. Shida ni kwamba ikiwa kazini inayeyukia kwenye elektroliti na kusafiri hadi upande wa pili. Zipo pia kathodi za molekuli za kaboni, ambazo hazina vichochoro vya kubana ioni kama fuwele za oksaidi. Kwangu hizo ndizo zenye matumaini ya karibu kuliko oksaidi, ingawa nazo baadhi huyeyuka. Wenzangu wa oksaidi waliopo humu watanijibu kwenye maswali, na wana haki.

Mtu wa madini ameniandikia kikaratasi: magnesiamu ikifaulu, kinywe chetu kitakwenda wapi? Swali zuri. Betri yenye metali ya magnesiamu upande wa hasi haihitaji kinywe upande huo. Lakini soko la kinywe leo linabebwa na lithiamu, na mshindani aliyeko mlangoni ni sodiamu, ambayo kampuni ya CATL ya China ilitangaza betri yake mwaka 2021. Magnesiamu bado iko nyuma ya wote wawili. Kwa hiyo ndugu yangu, chimba.

Na fundi wa Gerezani aliyenisimamisha mlangoni kuniuliza atanunua lini: mwaka sikutajii, kwa sababu kathodi ya kukuuzia haijapatikana. Betri za magnesiamu za kutumia mara moja zipo. Baadhi ya taa za majaketi ya kuokolea kwenye boti huwaka zikiguswa na maji ya bahari, na ndani yake mna magnesiamu. Hizo hazichajiki. Ukikuta sokoni betri imeandikwa ni ya magnesiamu, inachajika, na kipimo chako kinasoma volti 3.7 kwa seli moja, hiyo ni lithiamu iliyobadilishwa lebo. Ichaji kwa chaja ya lithiamu, na usimlipe muuzaji hata shilingi ya ziada.

Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali. Tuanze na watu wa oksaidi.